Pikapu ya Msimu wa Tope

Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili. Viazi vilivyopandwa kwa mvua za mwanzo hukomaa mvua zikiwa bado zinanyesha, kwa hiyo mkulima wa Makete au wa Njombe vijijini hulazimika kutoa mzigo shambani wakati ule ule barabara zikiwa mbovu kuliko wakati wowote wa mwaka. Mwalimu aliyepangiwa shule ya bondeni Ludewa naye hana namna ya kungoja Mei. Hao ndio ninaowaandikia: watu wanaotafuta pikapu ya foo-wili kwa ajili ya kazi. Wanaoitaka ioshwe Jumamosi na kuegeshwa mbele ya baa wana haki yao, lakini ushauri huu hautawafaa sana.

Karibu kila mnunuzi huanza na swali la jina. Hilux au Ranger? D-Max au L200? Ni swali zuri la kumalizia. La kuanzia ni hili: ni kipande kipi cha njia yako kinachokukwamisha, na kinakukwamisha kwa sababu gani? Mlima wa udongo mwekundu, unaoteleza juu huku chini ukiwa mgumu, unadai tairi zenye meno na uzito nyuma. Njia iliyochimbwa mifuo na malori ya mbao inadai gari lililoinuka. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba ukilowa, pikapu ya kawaida haina ubabe wowote. Pale unadaiwa subira mpaka jua litoke. Kijito nacho kinadai ukivuke kwa miguu kwanza. Pita njia yako katika wiki yake mbaya kuliko zote, hata kama ni kwa bodaboda, uandike mahali penye tatizo na tatizo lenyewe. Vijana wa bodaboda wa eneo hilo watakueleza mengi kuliko muuza magari yeyote wa mjini.

Baada ya kuandika hivyo, wapo watakaogundua kwamba foo-wili hawaihitaji kabisa. Kama njia yako ni lami, kisha kilomita chache za changarawe iliyopitiwa na greda, pikapu ya kawaida inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ikiwa na tairi nzuri, itakufikisha mwaka mzima isipokuwa siku chache. Foo-wili inakuja na difu ya mbele, propela ya pili, gia boksi ndogo ya kugawa nguvu, ekseli za mbele na raba zake. Vyote hivyo vina uzito, vinakula mafuta, na siku moja vitadai fundi. Siku mbili tatu za mwaka ambazo huwezi kupita, pengine ni nafuu kukodi trekta au kulala kwa jamaa. Mwenye mlima mmoja mbaya unaomkamata kila wiki kuanzia Desemba, huyo aendelee kusoma.

Pikapu nyingi zinazouzwa kwetu zina mfumo wa kuchagua. Siku zote nguvu huenda magurudumu ya nyuma peke yake, na hiyo ndiyo H2. Ukihamia H4, propela ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja zizunguke kwa mwendo mmoja. L4 ni hivyo hivyo, ila kwa gia nzito inayofanya gari litambae polepole kwa nguvu nyingi. Kutoka H2 kwenda H4 kwa kawaida unahama huku unatembea kwa mwendo wa wastani. Kuingia L4 unasimama kabisa na kuweka gia huru.

Hapa ndipo watu wengi huharibu magari. Kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Propela mbili zikiwa zimefungwa pamoja, lazima gurudumu moja liteleze kidogo ili hesabu zilingane. Kwenye tope au changarawe linateleza bila shida. Kwenye lami kavu halina pa kutelezea, kwa hiyo mkazo wote unahamia kwenye propela na meno ya gia. Usukani unakuwa mgumu, gari linajivuta kama limeshikwa breki, na ukitaka kurudi H2 mfumo unagoma. Ukifika hapo, nyoosha usukani urudi nyuma mita chache, mkazo huachia. Kisha usirudie. Baadhi ya L200 zina mfumo uitwao Super Select wenye difu ya katikati, na Amarok nyingi za otomatiki husukuma magurudumu manne muda wote. Hizo zinaweza kukimbia kwenye lami kwa foo-wili bila madhara, na kwa anayeshuka mara nyingi barabara ya lami iliyolowa na kufunikwa na ukungu, hiyo ni faida ya kweli. Kwa L200, hakikisha lile gari unaloliangalia wewe ndilo lenye mfumo huo, kwa sababu si zote.

Jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba foo-wili haisaidii breki. Inakusaidia kuondoka na kupanda. Kushuka, magurudumu manne ya pikapu ya kawaida na manne ya foo-wili yanashika tope sawasawa. Kinachosaidia kushuka ni L4 na gia ya kwanza: achia mguu wa breki, acha injini ilishike gari, tembea mwendo wa mtu. Anayekanyaga breki katikati ya mteremko wenye utelezi hufunga magurudumu, na kuanzia hapo usukani ni urembo tu.

Halafu kuna kufuli ya difu. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu linalozunguka kwa wepesi, yaani lile lililo hewani au kwenye tope, huku lenzake lililo mahali pagumu likikaa kimya. Ndiyo maana utaona foo-wili imekwama, gurudumu moja mbele na moja nyuma yanazunguka, mawili yametulia. Kufuli ya difu ya nyuma inayalazimisha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Kwa njia za mifuo, ambako mara nyingi gurudumu moja linaning'inia, kama ningepewa kuchagua kati ya kufuli hiyo na injini yenye nguvu zaidi, ningechukua kufuli. Ina masharti yake: mwendo mdogo, usukani ulionyooka, na uifungue mara tu ukitoka.

Sasa tairi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha inayotumika vibaya kwenye pikapu ni ile iliyopelekwa kwenye jina la gari ikaacha tairi zilizokuja nalo. Gari lolote linaligusa tope kwa viraka vinne tu, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa au zaidi kidogo. Pikapu ya bei ya juu kwenye tairi za lami itapitwa mlimani na pikapu kongwe yenye tairi za meno. Unapopanga bajeti, ondoa kwanza gharama ya tairi tano mpya, ikiwemo ya akiba, kisha kilichobaki ndicho cha kununulia gari. Wengi hufanya kinyume.

Sokoni utakutana na aina tatu. Za lami huandikwa H/T. Mifereji yake myembamba hujaa tope ndani ya mita chache na tairi linakuwa kipara hata kama ni jipya. A/T ni za kati, na kwa mtu anayetembea lami nusu na vumbi nusu ndizo ninazozipendekeza bila kusita. M/T zina meno makubwa yaliyoachana, tope linapojaa hurushwa nje tairi linapozunguka. Kwa mlima wa udongo mwekundu hakuna kinachozishinda. Ila kwenye lami iliyolowa zinashika vibaya kuliko A/T, zinapiga kelele, na zinaisha haraka. Anayeishi Makambako na kwenda shamba mara moja kwa mwezi hana sababu ya kuzinunua. Anayeishi huko huko shambani anayo.

Kuna aina ya nne ambayo hutaitafuta lakini inaweza kukufikia yenyewe: tairi za theluji. Magari na tairi za mtumba kutoka Japani mara nyingi huja na tairi zilizoandikwa STUDLESS ubavuni. Kwa macho zinavutia, zina meno mengi yaliyokatwakatwa vizuri, na muuzaji atakuambia hizi ndizo za tope. Raba yake ni laini kwa makusudi, imetengenezwa ishike barafu kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi. Ikikutana na lami ya Iringa saa nane mchana huliwa upesi, na gari linayumba kwenye kona. Bonyeza jino kwa ukucha: likizama kwa urahisi, acha. Usichanganye na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji, maana hiyo huwekwa hata kwenye baadhi ya A/T nzuri.

Soma pia tarakimu nne zilizo ndani ya kiumbo cha yai ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye zaidi ya miaka sita lichunguzwe nyufa. Lenye miaka kumi, hata kama meno yote yapo, ni la kutengenezea bembea. Na hakikisha tairi zote nne zina kipimo kimoja na zimechakaa kwa kulingana. Ukiweka kubwa nyuma na ndogo mbele, kila unapoingia H4 mfumo unapata ule mkazo wa lami kavu hata ukiwa unakwenda moja kwa moja.

Upepo ni silaha ya bure. Kwenye tope laini au mchanga, punguza. Pikapu tupu inayotembea na upepo wa 32 inaweza kushuka mpaka 22 au 20 na tairi likapata uso mpana wa kushika. Ukitoka, jaza tena kabla ya kukimbia, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hupata moto na linaweza kuchomoka kwenye rimu. Kwa hiyo pampu ndogo ya kuunganisha kwenye betri iwe ndani ya gari siku zote, pamoja na kipimo cha upepo. Kinachoitwa "kupiga teke uone" si kipimo.

Pikapu tupu ina kasoro moja ya kuzaliwa: nyuma ni nyepesi. Injini na watu wako mbele, magurudumu yanayosukuma yako nyuma, bodi ni tupu. Ndiyo maana katika H2 inaserereka nyuma hata kwenye mteremko mdogo. Madereva wa nchi za theluji huweka viroba vya mchanga juu ya ekseli ya nyuma majira ya baridi, na kwenye tope hesabu ni ile ile. Kilo 100 mpaka 150 zinatosha, zikae juu ya ekseli yenyewe au mbele yake kidogo na zifungwe zisihame. Mchanga huo huo ukikwama unaumwaga chini ya tairi.

Upande wa pili wa uzito ni lumbesa. Dabo kebini nyingi zimeruhusiwa kubeba takriban tani moja, na tani hiyo inahesabu watu pia, pamoja na bampa la chuma uliloongeza na fremu ya turubai. Watu wazima watano ni kilo 350. Zinabaki 650, yaani magunia sita ya kilo 100 yaliyofungwa kihalali. Lumbesa zikiwa na vile vilemba vyake vya juu, hata manne yanaweza kukumaliza. Isitoshe, bodi ya dabo kebini ni fupi na sehemu yake kubwa iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo mzigo ukikaa kwenye mlango wa nyuma unaunyanyua mbele. Mlimani, magurudumu ya mbele uliyoyalipia yaweze kuvuta yanakuwa hayana uzito wa kushikia, na usukani unaelea. Singo kebini ina bodi ndefu na mzigo unakaa katikati zaidi. Kama kazi yako ni viazi na parachichi, na familia unaipandisha mara chache, singo kebini ni chaguo la akili hata kama mtaani halikupi heshima.

Fundi atakushauri uongeze majani ya springi. Kwa gari linalobeba mzigo kila siku jani moja la ziada halina ubaya. Lakini springi haiongezi nguvu ya chesisi, ya breki wala ya beringi, na pikapu yenye springi ngumu ikiwa tupu kwenye barabara ya rasta nyuma yake huruka ruka na kuhama njia. Ajali za namna hiyo hutokea kiangazi, barabara ikiwa kavu kabisa.

Kuhusu injini, kuna mambo mawili yanayohusu nyanda za juu hasa. La kwanza ni mwinuko. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Uwanda wa Kitulo uko zaidi ya mita 2,600, kwa hiyo Hilux ya zamani ya 3L au 5L, ambazo hata pwani hazina mbio, inafika kule ikiwa imeacha robo ya nguvu zake njiani. Hata Land Cruiser yenye 1HZ ya lita 4.2, gari ambalo watu wa mashirika na hifadhi wanaliapia, husikika ikihema. Injini yenye tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. La pili ni baridi. Juni na Julai kule juu kuna sakitu asubuhi, na dizeli ya zamani yenye plagi za kupasha zilizokufa itakuzungusha sana kabla ya kuwaka, itatetemeka, itatoa moshi mweupe. Plagi ni kitu cha bei ndogo. Betri iliyochoka kwa kuzungushwa kila asubuhi bei yake ni kubwa kidogo.

Kwa upande wa ukongwe, ubishi wa gereji ni kati ya pampu ya kizamani na mfumo wa kisasa wa dizeli, ule unaoandikwa D-4D na majina mengine yanayofanana nalo. Wa kisasa una nguvu, unabana mafuta, haujali sana mwinuko. Adui yake ni maji na uchafu ndani ya dizeli, na dizeli ya kwenye madumu ya vijijini ina vyote viwili. Nozeli zake ni ghali na hazitengenezwi chini ya mwembe. Sishauri kuikimbia. Nashauri ufungiwe chujio la pili lenye kikombe cha kutenga maji, ukimwage mara kwa mara, na ujaze mafuta mjini. Magari yaliyotoka Ulaya kuanzia miaka ya 2010 mengi yana pia chujio la masizi kwenye ekzosi. Linahitaji safari ndefu za mwendo mzuri ili lijisafishe, na gari linalozunguka kijijini kwa gia ya pili halipati safari hiyo. Uliza kama lipo, na kama limetolewa, limetolewa na nani na kompyuta ya gari ilirekebishwa vipi.

Tuje kwenye kununua mtumba. Wengi tunadhani kila gari linatoka Japani, lakini pikapu ni habari nyingine. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017, tena ikiwa imetengenezwa Thailand. Kwa hiyo pikapu nyingi za mtumba zenye usukani wa kulia hutoka Thailand, Uingereza na Afrika Kusini, na kila nchi huja na ugonjwa wake.

Ugonjwa wa Uingereza ni chumvi. Majira ya baridi barabara zao humwagiwa chumvi ili barafu isishike, na chumvi hiyo iliyochanganyika na maji hula chuma kutokea chini, mahali ambapo picha za mtandaoni hazifiki. Gari litakuja na viti safi, kilomita chache na rangi inayong'aa. Lala chini yake. Nenda na tochi na nyundo ndogo, au hata mpini wa bisibisi. Gonga chesisi kuanzia nyuma ya kebini kwenda nyuma, hasa pale springi zinapofungwa na juu ya ekseli ambako tope hujikusanya. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa hujibu kwa sauti iliyofifia, na magamba ya kutu hudondoka usoni kwako. Pitisha kidole ndani ya matundu ya chesisi. Kutu ya ndani ni mbaya kuliko ya nje. Ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mbichi, gonga mara mbili zaidi. Chesisi iliyotoboka huweza kuchomelewa, fundi atakuambia hivyo na hatakuwa amesema uongo, lakini gari hilo unataka kulipakia tani moja na kulipitisha kwenye mifuo.

Thailand hakuna chumvi barabarani, ila kuna mafuriko. Yale ya mwaka 2011 yalizamisha magari mengi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uone kama una mstari wa tope. Angalia kutu kwenye reli za viti na bolti za chini ya dashibodi, nusa zulia. Gari la Afrika Kusini litazame kwa kazi lililokuwa linafanya: pikapu ya mgodini ina bodi iliyopondeka na mikwaruzo ambayo rangi mpya haiifichi vizuri.

Kujaribu foo-wili yenyewe ni kazi ya dakika kumi, na ni ajabu jinsi wanunuzi wasivyoifanya. Tafuta uwanja wa vumbi au changarawe. Ingiza H4, kunja usukani mpaka mwisho, zungusha gari polepole. Kama mfumo unashika, utalisikia gari likigoma kidogo na kuchota changarawe. Likizunguka kwa wepesi ule ule wa H2, taa ya dashibodi inawaka bure na difu ya mbele haijaingia. Huku ukizunguka, fungua dirisha usikilize: tak-tak-tak kutoka gurudumu la mbele ni sivi joint iliyokwisha. Simama, ingiza L4, sogea. Kisha rudisha H2. Kwenye magari yanayobadilisha kwa swichi, kile kimota kidogo kinachofanya kazi hiyo hukwama kwa kutotumika miaka mingi. Ndiyo sababu kitabu cha Hilux humtaka mwenye gari atembee angalau kilomita 16 kwenye H4 kila mwezi, ili oili ifike kila mahali mbele. Kwenye Hilux na Land Cruiser za zamani, shuka uzungushe habu za magurudumu ya mbele kwa mkono. Zikiwa zimeganda, dai punguzo.

Kabla ya kukubali bei, ingia kwenye kikokotoo cha magari ya mtumba cha TRA uone kodi ya gari hilo kwa mwaka wake. Msomaji wa Kenya ana sharti jingine: gari la mtumba linaloingia nchini lisizidi miaka minane.

Sasa majina, kwa ufupi. Kwa mtu wa kijijini anayetaka gari moja tu, bado naanza na Hilux, kwa sababu moja isiyo ya kishabiki: spea zake zinapatikana Njombe, na fundi aliyewahi kuifungua yupo karibu kila mji mdogo. D-Max iko nayo bega kwa bega, na Kenya pengine iko mbele, maana inaunganishwa Nairobi. L200 ina mgeuko mfupi, jambo utakalolishukuru kwenye njia nyembamba zenye korongo upande mmoja. Ranger ni gari zuri, limetulia kwenye lami kuliko hizo zote na limeidhinishwa kupita maji ya sentimita 80 dhidi ya 70 za Hilux, lakini lina umeme mwingi. Kama fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta yuko umbali wa siku nzima, fikiri mara mbili. Land Cruiser pikapu, mkonga wenyewe, inashinda zote kwenye tope na inakushinda wewe kwenye bei na mafuta. Kwa njia nyepesi ni kubwa mno.

Hizo sentimita 70 na 80 ni za maji yaliyotulia. Maji yanayokimbia yakifika sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi, pikapu zikiwemo. Bomba la mkonga, lile la hewa lililopandishwa juu, huzuia injini kumeza maji tu. Haliongezi uzito wa gari wala halioni shimo lililo chini. Ukishavuka maji ya kina, kesho yake fundi afungue nati ya difu: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Ndani ya gari weka sepeto, panga, jeki pamoja na kipande cha ubao mpana wa kuikalisha ili isizame, kamba nzito, na minyororo ya tairi kama mlima wako ndio ule wa udongo mwekundu. Minyororo ile ile ya theluji hufanya kazi kwenye tope. Madereva wa malori wanajua. Kamba ifungwe kwenye pete au ndoano iliyoshikwa na bolti za chesisi. Isifungwe kwenye bampa, na kamwe isifungwe kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia tela, kwa sababu ukikatika huruka kama risasi na umeshaua watu. Zitafute pete hizo siku unayokwenda kuliona gari, mbele na nyuma, na kama hazipo mwambie fundi azifunge kabla hujalitoa mjini. Gari likiwa linavutwa, wote waliokuja kusaidia, na wale waliokuja kutazama, wasimame mbali kuliko urefu wa kamba.